Sindano imenichoma na sikusikia: kuna dawa ya kuharakisha mshipa wa fahamu?

Shikamoo daktari,

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na mkono wangu wa kazi ni wa kulia. Miezi minne na wiki moja iliyopita niliteleza nikiwa nimebeba kioo kile kirefu ambacho wateja hujitazamia. Kikavunjika, kipande kikanikata ndani ya mkono, kama vidole viwili juu ya mkunjo wa kiganja. Nilikimbizwa hospitali na kesho yake asubuhi nikapasuliwa. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba kano mbili zilikatika, na mshipa wa fahamu wa katikati ulikatika wote, akaushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nilipomuuliza utaamka lini, alisema, "Tuupe muda."

Muda nimeupa. Kano zimepona, vidole vinakunjika na kukunjuka. Lakini dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na ubavu mmoja wa kidole cha pete, vyote ni kama vya mtu mwingine. Juzi nilikuwa napinda upindo wa gauni jeupe huku naongea na mteja. Nikaona doa jekundu kwenye kitambaa, nikadhani ni chaki. Doa likawa linakua. Kuangalia vizuri, sindano imezama kwenye ncha ya kidole cha shahada na mimi bado naongea! Mteja ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikaa chini nikalia, si kwa maumivu, bali kwa sababu hayakuwepo.

Dawa ninazotumia ni hizi. Nilipewa pregabalini ya usiku kwa ajili ya maumivu ya kuungua yanayonijia kiganjani. Inanilaza sana, asubuhi naamka mzito na nimeshakosea vipimo vya watu mara mbili. Nilipewa pia vidonge vyenye vitamini B1, B6 na B12, nameza kimoja mara tatu kwa siku. Baadaye wifi yangu akaniletea chupa nyingine ya dawa ya mishipa, nameza asubuhi na jioni. Mwanzoni niliambiwa vitamini ni vya mwezi mmoja, lakini nimeendelea kununua mwenyewe kwa kuwa naona bado sijapona.

Sasa wenye ushauri ni wengi. Mpwa wangu aliye chuoni amesoma kuhusu dawa iitwayo takrolimasi, anasema panya waliokatwa mishipa walipona upesi walipopewa, na kwamba anaweza kunitafutia. Jirani yangu mdomo wake uliwahi kupinda, akapewa prednisoloni akanyooka ndani ya wiki chache. Ananihimiza nami niiombe. Wifi anasema niongeze dozi ya vitamini, eti hazina madhara, zikizidi zinatoka na mkojo.

Kuna mambo mawili madogo, sijui kama yana maana. Nikigonga katikati ya kiganja hata kwa bahati mbaya, shoti inakimbia hadi kwenye kidole cha shahada na cha kati. Zamani ilikuwa hivyo nikigusa kovu tu, sasa imeshuka. Naogopa mshipa umeanza kuharibika upya. La pili, nyayo zangu zote mbili zinawaka moto usiku na vidole vya miguu vina ganzi, yapata miezi miwili sasa. Nadhani ni kukanyaga cherehani kutwa nzima.

Naomba unijibu, daktari: ni dawa gani itauharakisha mshipa huu? Na je, nitarudi kuusikia uzi vidoleni?

Fundi mwenye vidole vya kuazima

*

Marahaba, fundi. Pole sana.

Nitaanza na nyayo zako, ulizoziweka mwisho kabisa kana kwamba unaomba radhi kuzitaja. Kioo kilikukata mkono, hakikukukata miguu. Kidonda cha mkononi hakina njia ya kushuka kuzichoma nyayo mbili kwa pamoja, na kukanyaga cherehani huchosha misuli bila kuleta ganzi ya vidole vya miguu vyote. Ganzi na moto vinavyoanzia kwenye nyayo, kulia na kushoto sawasawa, ni dalili ya kitu kinachozunguka mwilini mzima. Kwa hiyo nikatazama ulichokuwa unameza.

Chukua chupa zote mbili usome nyuma, kwenye maandishi madogo, penye B6 au piridoksini. Vidonge vingi vya aina hii vina miligramu 100 au 200 za B6 kwa kidonge kimoja. Tuseme cha kwanza kina 200: mara tatu kwa siku ni 600. Cha wifi kikiwa na 100, mara mbili, ni 200. Jumla 800 kila siku, kwa miezi. Ulaya, mamlaka ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2023 kiwango cha juu cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani wao wanakubali hadi 100. Kwa vyovyote vile umepita mbali.

Wifi yako hasemi uongo kwamba vitamini B huyeyuka majini na hutoka na mkojo. Ila B6 ina tabia yake ya peke yake. Ikizidi kwa muda mrefu huishambulia mishipa ya fahamu yenyewe, hasa ile ya hisia. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakaanza kutembea kama wamelewa kwa sababu miguu yao haikujua iko wapi. Dozi zao zilikuwa kubwa kuliko yako, lakini tangu hapo wameonekana wengine wengi waliodhurika kwa dozi ndogo zaidi, mradi waliendelea nazo muda mrefu. Yaani unameza dawa ya ganzi, na dawa hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoleta ganzi nyingine. Sijawahi kuuzoea mzaha huo wa mwili ingawa nimeuona mara nyingi.

Acha chupa zote mbili leo. Vidonge hivi huna haja ya kuviacha polepole. Kisha nenda kituo cha afya ukiwa umezibeba mkononi, umwambie anayekuhudumia habari ya nyayo, na upimwe sukari na kiwango cha B12, kwa maana kisukari na upungufu wa B12 navyo huanzia miguuni namna hiyohiyo, na kwa barua siwezi kuvitofautisha. Na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha hata mshipa ulioshonwa. Kama mkosaji ni B6, usishangae moto ukiongezeka wiki chache za mwanzo baada ya kuacha, hutokea. Baadaye hupungua, ila kwa miezi, si kwa siku.

Kuhusu B12 watu huuliza sana, kwa hiyo niseme. Aliyepungukiwa nayo, B12 ni dawa yake halali na asipopewa huharibika. Asiyepungukiwa, ushahidi kwamba inaharakisha mshipa uliokatwa na kushonwa unatoka zaidi kwa panya. Haina ubaya wa B6, lakini usiinunue ukidhani unaununulia mshipa mbio.

Nadhani sehemu ya tatizo ni neno letu lenyewe. "Mshipa" kwa Kiswahili ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni ngiri, na kuna wanaoita hata kano mishipa. Ndiyo maana chupa ikiandikwa "dawa ya mishipa" kila mgonjwa hujiona ametajwa yeye.

Sasa shoti ya kiganjani. Hapa, fundi, umeiogopa habari njema kuliko zote zilizomo kwenye barua yako.

Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, daktari Mfaransa Jules Tinel alikuwa akitibu askari waliojeruhiwa mishipa ya fahamu. Alikuwa akigonga polepole kwa kidole juu ya njia ya mshipa na kumuuliza askari anasikia nini. Askari akisema sisimizi wanakimbia kuelekea vidoleni, Tinel alijua kuna nyuzi changa za mshipa pale alipogonga, nyuzi ambazo bado hazijavaa gamba lake na kwa hiyo husisimka kwa mguso mdogo. Mwaka huohuo, upande wa pili wa vita, Mjerumani Paul Hoffmann aliandika jambo lilelile. Mahali shoti inapoanzia ndipo ncha za nyuzi zilipofika. Zamani yako ilianzia kwenye kovu. Leo inaanzia katikati ya kiganja. Maana yake mshipa unatembea, na tena unatembea kwa mwendo wa kawaida.

Tupige hesabu kama unavyopiga ya kitambaa. Baada ya kushonwa, mshipa hukaa kama mwezi mmoja bila kuonyesha safari. Baada ya hapo nyuzi hukua kama milimita 1 kwa siku, kwa wengine zaidi kidogo. Wewe una siku karibu 127. Toa 30, zinabaki 97, yaani sentimita 9 na ushei. Weka futi yako ya kitambaa kwenye kovu, ishushe hadi pale shoti inapoanzia. Sitashangaa ukikuta sentimita 8, 9 au 10. Kutoka hapo hadi ncha ya kidole cha shahada kumebaki sentimita nyingine 9 au 10, kwa hiyo miezi mitatu hadi minne tena kabla ya ncha kuanza kuamka, na hisia yenyewe huendelea kunoleka kwa mwaka na zaidi. Daktari wako wa upasuaji aliposema muda, alikuwa ameshaipiga hesabu hii kichwani. Angekuonyesha tu.

Kwa nini polepole hivyo? Mwaka 1850 Mwingereza Augustus Waller alikata mishipa ya ulimi wa chura na kuutazama kwa hadubini. Aliona kwamba sehemu iliyotenganishwa na shina haisubiri kuunganishwa; huoza yote mpaka mwisho wake. Kinachobaki ni mirija mitupu. Kwa hiyo daktari alipokushona hakuunganisha waya na umeme ukarudi. Aliunganisha mirija, ili nyuzi mpya zichipue kutoka upande wa juu na kupenya ndani yake hadi mwisho. Zipo seli ziitwazo seli za Schwann zinazofagia uozo ndani ya mirija hiyo na kuzivuta nyuzi mpya kwa kemikali. Baada ya miezi mingi bila kufikiwa, seli hizo nazo huchoka, na misuli iliyokuwa ikingoja hunyauka.

Hayo ukiyajua, utaielewa foleni ndefu ya dawa zilizojaribiwa. Nikujibu swali lako kuu bila kuzunguka: hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kuukuza upya mshipa wa fahamu wa binadamu uliokatwa. Si kwamba ipo na wewe umefichwa. Wanaotafuta wapo, tena kwa bidii.

Mfano unaonisikitisha zaidi ni protini ya kukuza neva (ndiyo mishipa ya fahamu) iliyogunduliwa na Rita Levi-Montalcini, Mtaliano, aliyeshirikiana na Stanley Cohen kuichunguza wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ukiisoma habari yake unasema, basi, kazi imekwisha, wachomwe sindano ya protini hii wapone. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye mishipa iliyoharibika. Katika jaribio kubwa haikuwasaidia, na pale sindano ilipoingia paliuma, kwa sababu protini hiyohiyo ndiyo huamsha maumivu mwilini. Leo inatumika kama matone ya jicho, kwa watu ambao konea yao, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imepoteza neva. Marekani iliyaidhinisha mwaka 2018. Jicho ni dogo, dawa inafika moja kwa moja. Mkono una umbali na matawi.

Mpwa wako amesoma vizuri, mpongeze. Takrolimasi ilipatikana Japani mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongoni, na kazi yake ni kuizuia kinga ya mwili isikikatae kiungo kilichopandikizwa, figo au ini. Kwa panya ni kweli, nyuzi za neva hukua kwa kasi zaidi. Hata kwa watu waliopandikizwa mikono, ambao lazima waimeze, hisia zimewahi kurudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Lakini mtu huyo anaimeza kwa sababu bila hiyo atapoteza mkono. Wewe ungeimeza ili uokoe wiki chache, na ungelipa kwa kinga iliyoshushwa, figo zilizo hatarini, sukari kupanda, shinikizo la damu kupanda. Tena miongoni mwa madhara yake ni kutetemeka mikono na ganzi. Fundi wa kutunga uzi kwenye tundu la sindano atetemeke mikono! Watafiti wanajaribu kuiweka kidogo pale paliposhonwa tu, isizunguke mwilini. Hilo likifaulu tutazungumza. Kwa sasa, mwambie mpwa asiitafute.

Jirani naye hakudanganywa. Mdomo ukipinda ghafla bila kiharusi wala jeraha, mara nyingi neva ya uso imevimba ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio na inabanwa. Prednisoloni hushusha uvimbe, mbano ukalegea. Jaribio lililofanyika Scotland na kuchapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba baada ya miezi 9 waliopona kabisa walikuwa asilimia 94 miongoni mwa waliopewa prednisoloni, na asilimia 82 kwa wasiopewa. Ila walianza ndani ya saa 72, na neva yao ilikuwa imebanwa, haikukatwa. Tazama pia hiyo asilimia 82: wengi wangenyooka hata bila kidonge. Wewe huna uvimbe wa kushusha, na saa 72 zako zilipita zamani. Ukiimeza kwa miezi utapata sukari, mifupa dhaifu na uso wa mviringo, na kidole hakitajua lolote.

Ipo nyingine ambayo mpwa ataikuta akiendelea kusoma, 4-aminopiridini. Marekani iliikubali mwaka 2010 kuwasaidia kutembea wagonjwa wa sklerosisi nyingi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvua gamba la neva za ubongo na uti wa mgongo. Huziba matundu ambayo kwayo ishara ya umeme huvuja kwenye neva iliyovuliwa gamba. Inachunguzwa kwa majeraha ya neva. Dozi ikizidi huleta degedege, basi hiyo nayo iacheni kwenye maabara.

Kitu kilichonivutia kuliko vidonge vyote si dawa: umeme mdogo, mapigo 20 kwa sekunde kwa saa 1 tu, unaopitishwa kwenye neva mara baada ya upasuaji. Umejaribiwa kwa watu, na nyuzi zilivuka haraka zaidi. Kwako wakati wake umepita, kwa maana nyuzi zako zilishavuka. Nimeutaja ili usije ukauziwa mashine ya kujitia umeme nyumbani kwa jina hilohilo.

Pregabalini sasa. Hiyo ni ya maumivu, haikuzi chochote na haijidai kukuza. Hata kwa maumivu, jaribio moja la mwaka 2018 kwa watu wenye maumivu ya neva baada ya jeraha, waliotumia kwa wiki 15, halikuona tofauti ya maana na vidonge visivyo na dawa, ingawa wapo mmoja mmoja wanaonufaika nayo. Jiulize wewe: kiganja kinaungua kidogo kuliko kabla hujaianza? Kama ndiyo, mwombe daktari apunguze dozi au abadilishe saa ya kumeza. Kama hapana, huna sababu ya kuendelea kulala juu ya vipimo vya watu. Zipo amitriptilini na duloksetini za kujaribu badala yake. Lakini hii usiiache kwa siku moja kama vitamini. Hushushwa taratibu, kwa wiki moja au zaidi, daktari akijua, la sivyo utakosa usingizi, utatoka jasho na kichwa kitakuuma.

Nakuja kwenye kazi yako, maana humo ndimo dawa yako nyingi ilimo, na nafikiri fundi cherehani ana bahati kuliko mgonjwa mwingine yeyote wa jeraha hili.

Nyuzi zinapopenya kwenye mirija haziulizi njia. Uzi uliokuwa wa kidole cha shahada unaweza kuangukia mrija wa kidole cha kati. Hakuna dawa inayousahihisha upotevu huo. Anayeusahihisha ni ubongo, kwa kufundishwa. Ncha zikianza kuamka, hata kama ni kwa sisimizi tu, kusanya vipande vya vitambaa: mahameli, jinzi, satini, pamba, kitani. Gusa kimoja ukikitazama, fumba macho ukiguse tena, kisha changanya na ubahatishe ni kipi. Dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Mtaalamu wa tiba ya mikono angekukusanyia vitu hivi kwenye boksi. Wewe unavyo sakafuni. Mwanzoni mahameli itakuwa kama msasa na utadhani umeharibika zaidi. Endelea.

Mpaka hapo, macho yako ndiyo yawe hisia yako. Vaa subana kwenye kidole cha shahada na cha kati. Pasi ishike kwa kushoto, au apige mwingine. Jeraha la moto kwenye kidole kisichosikia huwa la kina, maana hakuna anayekiambia kiondoke. Kila jioni kabla ya kulala kagua vidole vile vitatu kwenye mwanga kama unavyokagua mshono wa mwanafunzi wako, vipake mafuta, kwa sababu kidole kisicho na neva hakitoi jasho na ngozi yake hupasuka. Nikupe na kipimo cha bure: ukifua kwa nusu saa, vidole vizima hukunjamana ngozi, vyenye ganzi hubaki laini. Siku kidole cha shahada kitakapoanza kukunjamana, jua kuna nyuzi zimefika.

Hukusema lolote juu ya nguvu ya dole gumba, nami nalihofia kuliko hisia, kwa kuwa hisia hungoja na misuli haingoji. Weka mkono mezani, kiganja kikitazama dari, ujaribu kulinyanyua dole gumba moja kwa moja juu. Uone pia kama nyama ya chini ya dole gumba imebonyea ukilinganisha na mkono wa kushoto. Misuli hiyo iko karibu na kovu, kwa hiyo inapaswa kuonyesha dalili kati ya sasa na miezi michache ijayo. Msuli usiofikiwa na neva kwa miezi 12 hadi 18 hugeuka kuwa nyuzinyuzi na mafuta, na hapo hata neva ikifika inakuta nyumba imebomoka. Basi ukifika mwezi wa nane au wa tisa dole halijanyanyuka hata kidogo, au shoti ya kiganjani ikasimama mahali pamoja kwa miezi mitatu, usingoje zaidi. Rudi kwa aliyekushona, uombe kipimo cha umeme wa neva na misuli. Anaweza kuufungua tena mshipa, au akahamisha kano moja ya kidole kingine ije kulinyanyua dole gumba. Upasuaji huo ni wa zamani na unafanya kazi vizuri.

Uliuliza kama utarudi kuusikia uzi. Utausikia, nadhani, lakini si kama zamani. Watoto hurudishiwa karibu yote. Sisi watu wazima hisia hurudi na kasoro, hasa ya kutofautisha vitu vidogo, na baridi itakusumbua vidoleni kwa miaka. Mafundi niliowaona wakirudi kazini walirudi wakitumia macho zaidi na pini kubwa zaidi, na wateja hawakujua.

Chukua kalamu, gonga kutoka kovu kuelekea vidoleni, na pale shoti inapoanzia weka nukta. Pima kwa futi kutoka kwenye kovu, andika tarehe na sentimita kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wako mwenyewe. Rudia tarehe hiyohiyo kila mwezi, na siku ya kliniki uende na daftari. Na nijulishe majibu ya sukari.